GARI LA NYUMBANI: Petroli Ibaki Mbele, Waya Ndio Uingie Ndani

Magari mengi yanayolala katika nyua za Awindiri, mjini Arua, yalitumika nchi za nje miaka mingi kabla ya kufika huku. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 ilikataza kuingizwa Uganda magari yaliyopita umri wa miaka 15 tangu kuundwa, lakini Corona na Carina zilizokwisha kuingia zingali barabarani. Mwenye gari la namna hiyo hulipenda, kwanza kwa kuwa limekwisha kulipiwa. Mapenzi hayo hupungua siku linapozimika kwenye mwinuko wa njia ya Koboko, na watoto wamo ndani.

Aghalabu mkosaji ni uchafu. Tangu miaka ya 1980, na kwa muda mrefu baadaye, petroli iliuzwa pia kando ya njia za Arua katika madebe na chupa na vijana waliojulikana kwa jina la OPEC Boys. Nyingi ilivushwa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Petroli ya debe huweza kubeba vumbi na maji, na vitu hivyo hutulia chini ya tangi, huziba filta na kuichosha pampu. Ndipo mwenye gari hutamani geji ya presha ya petroli, apate kujua kama njia imeziba kabla gari halijamwacha porini.

Hamu hiyo ni njema, ila hatari yake imo katika namna ya kuifunga geji yenyewe.

Chukulia mfano wa koplo mmoja wa Awindiri, ambaye Corona yake huzimika kila ipandapo kilima. Fundi wa jirani amemletea geji ya bei nafuu, yenye sura ya saa na bomba jembamba la plastiki nyuma yake. Bomba hilo litapitishwa katika ukuta wa chuma utenganishao injini na viti, na petroli yenyewe itafika hadi nyuma ya dashibodi kuusukuma mshale.

"Kazi ya nusu saa tu, afande," asema fundi.

Mke wa koplo, aliyesimama mlangoni na mtoto mgongoni, auliza: "Baba, bomba hilo likipasuka, petroli itamwagikia wapi?"

Itamwagikia miguuni mwa dereva, karibu na waya za swichi. Swali hilo la mama lapita ujuzi wa mafundi wengi. Geji ya bomba hufaa kupimia gari lililosimama, boneti ikiwa wazi, kisha ifunguliwe na kurudishwa sandukuni. Kwa geji ya kudumu ndani ya gari, hapana budi kutumia ile ya umeme. Hii ina sensa, yaani kijichuma kinachohisi presha, ambacho hubaki upande wa injini, na waya peke yake ndio huingia ndani.

Sensa ilingane na gari. Injini ya kabureta hutumia presha ndogo, kama paundi 3 hadi 6 kwa inchi ya mraba. Yenye nozeli za kupuliza petroli, kwa kawaida kati ya 30 na 45. Geji ya kufika 100 ikifungwa kwenye kabureta, mshale utajikunja chini na kutosema lolote.

Kazi ifanywe uwanjani, injini ikiwa imepoa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hata ukaifikia sigiri iliyo mbali na gari. Basi chakula cha mchana kipikwe mapema, moto uzimwe, na sigara zingoje. Mtungi wa unga wa kuzimia moto uwepo, au walau ndoo ya mchanga, kwa maana maji hueneza petroli inayowaka. Kwenye gari la pampu ya umeme, fyuzi ya pampu itolewe na injini iwashwe hadi izimike yenyewe, ili presha iishe. Kisha waya hasi wa betri ufunguliwe. Hata hivyo matone yatatoka. Yapokewe kwa kitambaa na kopo la chuma. Yasitiwe katika chupa ya soda, ambayo mtoto ataidhania kinywaji. Mtoto akimeza petroli asitapishwe, bali akimbizwe hospitali, kwa sababu ikiingia mapafuni huleta madhara makubwa zaidi.

Njia ya petroli hukatwa baada ya filta na kutiwa kiungo chenye umbo la herufi T. Mpira uwe wa petroli, na kwa gari la nozeli uwe ule wa kuhimili presha kubwa. Mpira wa maji huyeyuka taratibu. Utepe mweupe wa mafundi bomba usitumike kwenye hesi, kwa kuwa vipande vyake hukatika na kuziba nozeli. Itumike gundi ya hesi inayostahimili petroli. Sensa isining'inizwe juu ya injini, ambako mtikisiko huvunja shaba. Ifungwe kwenye bodi kwa kibati, mbali na eksozi, na kuunganishwa kwa mpira mfupi. Waya wake upite katika tundu lenye kizibo cha mpira, na uwe na fyuzi yake.

Baada ya hapo betri na fyuzi hurudishwa. Kwa pampu ya umeme, swichi hufunguliwa bila kuwasha injini, na mtu mwingine hukagua kila kiungo kwa tochi ya betri. Palipo na unyevu, swichi hufungwa na kiungo hukazwa upya. Kabureta yenye pampu ya injini hukaguliwa injini ikinguruma. Ukaguzi hurudiwa baada ya juma moja, maana klipu mpya hulegea mpira unapozoea joto.

Koplo akipanda kilima chake tena, na mshale ukashuka kadiri gari linavyovuta, aanze kwa kubadili filta. Bei yake ni ndogo kuliko ya pampu.