Damu Baada ya Kipimo cha Titi



Mwanamke aonapo kinundu katika titi, huenda daktari akataka achukuliwe kinyama. Hutiwa ganzi, kisha sindano hutoa vipande vidogo vya nyama vikapimwe maabara.

Jirani yangu mmoja alifanyiwa kipimo hicho. Usiku titi likavimba na kugeuka rangi ya zambarau. Mawifi wakasema ugonjwa umechokozwa, sasa utatapakaa. Naye akaapa kuwa hata majibu yake hatayafuata.

Kumbe alikuwa akimeza aspirini kila siku kwa ajili ya moyo, wala hakumwambia daktari. Dawa hiyo huifanya damu ichelewe kuganda. Hata asiyeitumia huweza kuviliwa na damu kidogo, kwa kuwa titi lina mishipa mingi. Alama hiyo hugeuka kijani, kisha manjano, ikatoweka baada ya wiki 1 au 2. Hiyo si saratani.

Basi kabla ya kipimo, mtajie daktari kila unachokimeza: aspirini, wafarini, hata habasoda na dawa za mitishamba. Lakini usiiache dawa ya moyo kwa rai yako, kwani damu ikiganda mwilini huweza kuua. Mwachie daktari aamue.

Baada ya kipimo, jeraha hukandamizwa dakika 10 hadi 15. Ukiwa nyumbani vaa sidiria yenye kushika vyema, weka barafu iliyofungwa kitambaani, na usibebe kizito siku hiyo na ya pili yake. Ukiumwa, meza parasetamoli badala ya aspirini. Usilikande titi kwa maji moto wala usilisugue.

Damu ikivuja tena, bana kwa kitambaa safi kwa dakika hizo hizo. Isipokoma, au titi likizidi kuvimba upesi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, ijapokuwa ni usiku wa manane. Ukipata homa au ukaona usaha, pia usingoje.

Jirani yetu alisihiwa na bintiye hata akakubali kurudi. Majibu yalionyesha saratani ingali changa, na sasa yumo katika matibabu. Lau angeiogopa ile damu, angekaa na ugonjwa ndani ya nyumba bila kuujua.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.