Udzungwa haipimwi kwa idadi ya watalii

Zinapotajwa takwimu za utalii nchini, Serengeti na Kilimanjaro hutangulia, na Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa hubaki mkiani. Wala si ajabu. Ndani ya Udzungwa hakuna barabara ya kuzungukia kwa gari. Mgeni hutembea kwa miguu, hupanda hadi maporomoko ya Sanje yenye kimo cha mita 170, na huenda akashuka bila kumwona mnyama mkubwa hata mmoja. Lakini hifadhi ya aina hii ikiendelea kupimwa kwa makusanyo ya langoni, kila siku itaonekana mzigo. Wanaofaidika nayo zaidi hawapiti langoni. Wako bondeni, na wao ndio wanaopaswa kuchangia gharama za kuitunza.

Hifadhi hii ya kilomita za mraba 1,990, iliyoanzishwa mwaka 1992, ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambako misitu imedumu kwa muda mrefu kiasi cha kuzaa viumbe wasiopatikana kwingineko. Mbega mwekundu wa Udzungwa hayupo mahali pengine duniani ila kwenye safu hii na misitu michache ya bondeni jirani. Kima wa Sanje naye yupo Udzungwa tu, na wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa wakimjua siku zote. Mwaka 2008 ukatangazwa ugunduzi wa sange mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana. Misitu hiyo hiyo ndiyo inayolinda vijito vinavyoshuka kwenye mashamba ya mpunga na miwa ya bonde la Kilombero. Maji ya safu hii huchangia pia mito inayozungusha mitambo ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, na ya Kihansi, yenye megawati 180. Anayewasha taa Dar es Salaam anaidai Udzungwa kitu, au tuseme Udzungwa ndiyo inayomdai.

Wapo watakaosema kwamba mvua huletwa na pepo za Bahari ya Hindi, si na miti. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na watetezi wa misitu hukosea wanapodai zaidi ya hapo. Kazi ya msitu wa mlimani ni nyingine: kunasa ukungu, kushika udongo, na kuyaachia maji polepole ili kijito kisifurike Aprili na kukauka Oktoba. Mwenye bwawa na mwenye mfereji wanajua hasara ya tope.

Hoja nzito zaidi ni ya majirani wa hifadhi. Kwa miaka mingi wanawake wa vijiji vya Mang'ula na jirani waliruhusiwa kuokota kuni kavu hifadhini siku moja kwa wiki. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa. Kiikolojia uamuzi huo unaeleweka, lakini gharama yake iliwaangukia wenye kipato kidogo, huku mnufaika wa maji akiwa hajaulizwa chochote. Vivyo hivyo kwa tembo: njia zao za kale kati ya Udzungwa na iliyokuwa Selous zimezibwa na mashamba, na mkulima ambaye mpunga wake umekanyagwa ndiye anayelipia uhifadhi ambao taifa zima linajivunia. Jitihada za kufungua tena ushoroba karibu na Mang'ula zinastahili fedha za kudumu, si za mradi unaokwisha mfadhili akiondoka.

Itasemwa pia kwamba mchango mpya utapandisha bei ya umeme na sukari, na kwamba watumiaji wa maji tayari wanalipa ada kwa bodi za mabonde. Basi si lazima ibuniwe tozo nyingine. Itengwe sehemu ya ada hiyo hiyo, irudi kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi kama majiko banifu, miti ya kuni ya kupanda mashambani, na fidia inayolipwa kabla msimu wa kilimo haujapita. Fedha inayoingia kapu kuu bila jina la kijiji haifiki Mang'ula. Wabunge wa Morogoro na Iringa waanze kwa kuitaka serikali ieleze bungeni ni kiasi gani cha ada za maji ya mito hii hurudi milimani.