Picha ya Mtoto Ina Wenyewe

Hapana mtu mwenye akili timamu atakayewazuia wageni kuja Unguja na kamera zao, kwa kuwa Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, umejaa milango ya nakshi, baraza na roshani ambazo msafiri ana haki ya kuzistaajabia na kuondoka na ukumbusho wake. Mlango hauna haya, wala hauna mama. Lakini mtoto ana wenyewe; na hii desturi iliyoenea ya kumlenga mtoto wa watu njiani, bila ya kumtaka idhini yeye wala mkubwa wake, kisha kuitandaza sura yake mbele ya walimwengu, ni utovu wa adabu ambao sisi wenyeji tumeuvumilia muda mrefu tukidhani kwamba kuuvumilia ni ukarimu.

Simama, msomaji, baada ya alasiri katika kichochoro chochote cha mji ule, saa watoto wanapotoka chuoni, wavulana kwa kanzu na kofia, wasichana kwa mitandio, juzuu zao wamezikumbatia kifuani. Mgeni hupiga goti, akainua mtambo wake usoni, na binti wa miaka saba au minane hufanya lile alilofunzwa nyumbani atazamwapo sana na mtu asiyemjua: huvuta mtandio akafunika mdomo, akageuza uso ukutani. Mgeni hatambui kwamba amekwisha kujibiwa. Husema “jambo”, hucheka, huzunguka upande wa pili, akapiga mara tatu, mara nne. Na ile haya, ambayo kwetu ni pambo la mtoto aliyelelewa, ndiyo hasa impendezayo na kuifanya picha kuwa nzuri machoni pake. Mwingine hutoa pipi mfukoni, mambo yakaisha. Papasi anayemwongoza husimama kando, kimya, kwa kuwa bakhshishi yake bado haijatoka.

Wapo wasemao kwamba malalamiko haya ni masalia ya khofu za kale. Ni kweli kwamba wazee wetu walichelea kijicho, na mtoto mchanga hakutolewa mbele za watu ila amepakwa wanja na kufungwa hirizi. Lakini si kweli kwamba watu wa pwani waliikimbia picha. A. C. Gomes, aliyekuwa Mgoa, alifungua studio Unguja katika karne ya 19, na Ranchhod Oza akaanzisha Capital Art Studio mwaka 1930. Na katika nyumba za picha za namna hiyo, hasa siku za Idi, baba aliwapeleka wanawe wamekogeshwa na kuvishwa nguo mpya, bei ikapatanwa, mtoto akaambiwa asimame wima, na picha ilipokuwa tayari ikachukuliwa nyumbani kutundikwa ukumbini. Aliyepigwa ndiye aliyekuwa mwenye picha. Ama upande wa pili wa biashara hiyo hiyo, wapigaji kama Gomes walitengeneza pia kadi za posta za kuwauzia abiria wa meli, na watu wa humo, wakubwa kwa wadogo, aghalabu walikwenda Ulaya bila ya majina yao, wakiandikwa tu kuwa ni “wenyeji”. Tofauti ya mambo haya mawili si mtambo, maana mtambo ulikuwa ni ule ule. Tofauti ni nani aliyeombwa radhi na nani aliyebaki na picha mkononi.

Nami hustaajabu zaidi nikikumbuka sheria za huko watokako wageni hawa. Wajerumani wanayo tangu mwaka 1907 sheria ambayo kwa kawaida hairuhusu sura ya mtu kuenezwa ila kwa idhini yake, na iliyochochea kutungwa kwake ni fedheha ya wapiga picha wawili waliojipenyeza usiku chumbani mwa maiti ya Bismarck mwaka 1898. Mtalii huyo huyo, lau angelichutama nje ya uzio wa shule ya chekechea Hamburg akawalenga watoto wa wenziwe, walimu wangelimtokea kabla hajasimama. Lililo aibu kwake huko limekuwaje halali Jambiani, kama si kwa kudhani kwamba watoto wetu ni sehemu ya mandhari, mfano wa minazi?

Wala si kwamba huku hakuna sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, nao katika kifungu cha 16 unalinda faragha ya mtoto. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imezihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Huko Kenya, mwaka 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi zaidi ya shilingi milioni nne kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ya ridhaa ya wazazi. Lakini shule ina mlango wa kubishwa. Mtalii kesho yake yumo ndegeni.

Insafu inatulazimu tujitazame nasi, kwa maana wapo miongoni mwetu waendeshao nyumba za mayatima ambamo watoto hupangwa mstari na kuimbishwa kila gari la wageni likisimama, ili wapigwe picha na sanduku la misaada lipate kitu. Yatima hana baba wa kumkatalia. Basi aliyejifanya baba yake akawa ndiye anayemuuza, jambo hilo silioni kuwa na jina jepesi kuliko dhuluma.

Wageni wa Zanzibar huelekezwa wajisitiri waingiapo mjini, na wengi hutii bila ya kinyongo, jambo ambalo ni dalili kwamba mtu akiambiwa mapema husikia. Wenye hoteli, waongoza watalii na Kamisheni ya Utalii waongeze katika maelekezo hayo kwamba mtoto hapigwi picha mpaka mzazi au mwalimu wake aulizwe, na kwamba aliyeruhusiwa apeleke nakala kwa wenye mtoto. Ni sentensi moja tu, na msimu wa Julai haujaanza.