Bafle na usingizi wa mwenye kutoka poste

Siku hizi mu nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, mshahara ukiingia, kitu cha kwanza kununua ni bafle ya bluetooth. Hatusemi ni vibaya. Sisi watu wa mine tunapenda miziki tangu zamani: mu 1952, wakati Hugh Tracey alikuja kurekodi gitari ya Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, mji ule ulikuwa tayari mji wa shaba. Hata ndani ya bafle tuko: waya yake ni shaba, na mara nyingi betri yake iko na cobalt.

Lakini tunaitumia vibaya, na ni sisi wenyewe tunalipa.

Kwanza masikio. Wataalamu wanasema sauti ya décibels 85 kwa masaa 8 kila siku inatosha kuanza kuharibu masikio. Ikipanda décibels 3, muda unakatwa nusu: 88 ni masaa 4, 91 ni masaa 2. Mashine ya kutoboa mawe inapita 100. Mwenye amefanya nayo miaka mingi anapoteza kwanza sauti nyembamba. Akifika ku nyumba anaona miziki haisikike muzuri, anapandisha. Yeye anasikia kadiri. Mtoto wa miaka 3 mwenye kucheza mbele ya bafle anapokea yote.

Dawa iko, na haiombe franka. Usiweke bafle mu kona wala chini ku sima: kuta zinaongeza bass, na bass njo inapita kwa jirani. Uiweke juu ya meza, mbali kidogo na ukuta. Mu telefone, ingia mu égaliseur, punguza bass, pandisha kidogo sauti nyembamba. Maneno yatasikika bila kuongeza volume. Bluetooth ya kawaida inafika karibu metre 10, na ukuta wa matofali unaipunguza. Kama miziki inakatika-katika, sogeza telefone karibu. Kama bafle inakataa telefone yako, angalia kwanza kama haijashikana na ya mtoto.

Kipimo ni kirahisi: watu wawili wakiwa metre moja na wanapaswa kupaza sauti ili wasikilizane, miziki imepita kiasi.

Kisha usingizi. Mwenye kutoka poste ya usiku analala asubuhi, saa ile batoto wanafungua bafle. Usiku anarudia kushika volant ya kamyo kubwa, macho mekundu. Ajali ya vile haianzie ku kazi, inaanzia ku nyumba.

Wengine watasema: nyumba ni yangu, bafle nimeinunua na jasho langu. Ni kweli. Lakini mu camp ukuta ni wa watu wawili, na jirani naye ana poste yake.

Basi tunaomba jambo moja: kila familia iandike masaa ya poste ku karatasi, iibandike pale bafle inakaa, na iambie jirani aandike yake pia. Ku kazi tunafunika masikio juu chef anatuangalia. Ku nyumba chef hayuko. Tuchungane sisi wenyewe.