Barua ya Mwaliko Isiwe ya Salamu Tupu

Mhariri,

Ndugu zetu wengi walioko Ujerumani, wakitaka mama au dada aje kuwatembelea, huandika barua ya mwaliko iliyojaa salamu na mapenzi. Ofisa wa viza anatafuta mengine: nani anaalika, anaishi kwa kibali gani, mgeni ni nani wake, atalala wapi na nani atalipa.

“Mama atakuja kiangazi kukaa nasi kidogo” haitoshi. Barua inayofaa husema kwamba mama atafika Hamburg tarehe 3 Juni, ataondoka tarehe 28 Juni, atalala nyumbani kwa bintiye. Jina na namba viandikwe vilevile kama vilivyo kwenye pasipoti. Inauma sana kuona bibi wa watu akinyimwa viza kwa tarehe zisizolingana na fomu.

Zito zaidi ni gharama. Mgeni asiye na fedha za kutosha habebwi na barua peke yake. Mwenyeji huenda ofisi ya wageni ya mji wake na hati za mshahara, hulipa euro 29 na kutia saini dhamana rasmi, Verpflichtungserklärung. Wapo wanaosaini bila kuisoma! Waelezwe mapema kwamba mgeni akiugua na bima isipotosha, serikali inaweza kuwadai wao matibabu hayo. Bima yenyewe lazima ifikie angalau euro 30,000.

Mgeni naye aandae vya kwake: ruhusa ya likizo kutoka kazini, taarifa ya benki, leseni ya duka kama analo. Hivyo ndivyo vinavyomwonyesha ofisa kwamba atarudi nyumbani.

Msomaji, Hamburg