Akamatwapo Mmoja, Isifungwe Nyumba Nzima



Hakuna khabari iendayo mbio mtaani kama khabari ya mauaji, na hakuna khabari ipotokayo njiani kama hiyo hiyo. Maiti huokotwa alfajiri. Adhuhuri haijaingia, askari wamekwisha kupiga hodi katika nyumba ya jirani na kumchukua mtu ambaye jana jioni tulikaa naye barazani tukinywa kahawa. Ikifika magharibi mtaa mzima umekwisha kukata shauri. Huyu husema kuwa siku zote alimwona mtu yule ana macho mabaya. Yule husema kuwa kwao ni watu wa ugomvi tangu babu yao. Na wa tatu, ambaye jana hakuwa na neno, leo ana kisa kizima chenye mwanzo na mwisho. Hakimu hajakaa kitini, shahidi hajala kiapo, wakili hajavaa joho lake, na hukumu ya mtaa imekwisha kutoka.

Leo twataka kusema neno juu ya hukumu hiyo ya mtaa. Aliyekamatwa haimfiki, kwani yeye yumo ndani ya kuta za jela na hayasikii yanenwayo nje. Inawafika mkewe, mamaye na wanawe, ambao hawakukamatwa na askari yeyote wala hawakushitakiwa kwa kosa lolote.

Tuyataje mambo kwa majina yake. Mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua, na sinia lake likimalizika mapema asubuhi, sasa sinia hurudi nalo nyumbani limejaa. Dukani alikokuwa akikopa unga, daftari limefungwa. Mwenye nyumba, ambaye miaka mingi alikuwa akingoja kodi kwa uungwana, ghafla amekumbuka kuwa ana mpwawe anataka chumba. Mtoto hurudi kutoka skuli shati limechanika, kwa sababu ameitwa mwana wa muuaji na akapigana. Binti aliyekuwa ameposwa, posa yake hurejeshwa kimya kimya. Na yule bibi mzee, akifika bombani kuteka maji, wenziwe wote hunyamaza. Hapana aliyemtukana, huko kunyamaza kumetosha. Na kwa kuwa kesi ya mauaji haina dhamana, mwenye kuleta chakula hayupo na hatarudi kesho, awe ametenda au hakutenda.

Mtaa una methali mbili za kujitetea. Ya kwanza ni ile isemayo kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ya pili ni ile ya samaki mmoja akioza. Twaziheshimu methali za wazee wetu, lakini methali ni chombo, na chombo kina mahali pake. Ile ya kwanza yafaa kumwamsha mtu aliyelala, haifai kumnyonga mtu aliye hai. Na ile ya pili ni ya tenga la samaki; binadamu hawakuvuliwa kwa wavu mmoja. Dini tuliyolelewa nayo imetufunza kwamba kila nafsi itaulizwa yale iliyoyatenda yenyewe. Na Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu chake cha 12, yasema kuwa mshitakiwa asihesabiwe kuwa ana hatia mpaka ithibitike. Ikiwa sheria haijamhukumu yeye mwenyewe, jee, mkewe amehukumiwa na nani?

Atakuja mtu aseme: haya ni maneno ya huruma tu, askari hawamkamati mtu bure. Huyo tumjibu kwa kisa kimoja cha kweli, cha mtu wa bahari hii hii yetu.

Mahmood Hussein Mattan alikuwa Msomali, mzaliwa wa Somaliland iliyokuwa chini ya Waingereza, kama visiwa vyetu vilivyokuwa chini yao. Alikuwa baharia katika meli, kama walivyokuwa mabaharia wengi wa pwani hizi, na akafika Cardiff, bandari ya nchi ya Wales, akakaa huko. Mwaka 1947 alimwoa msichana wa huko, jina lake Laura, wakapata watoto watatu wanaume. Watu hawakuipenda ndoa ile ya mwanamke mweupe na mume mweusi, na matusi waliyasikia tangu siku za mwanzo, kabla hapajatokea kosa lolote.

Tarehe 6 Machi 1952, usiku, mwanamke mwenye duka aitwaye Lily Volpert aliuawa kwa kukatwa koo dukani mwake katika mtaa wa mabaharia. Msiba ulikuwa mkubwa na wa haki. Jamaa zake, kwa uchungu wao, walitoa zawadi ya pauni 200 kwa atakayesaidia kupatikana muuaji. Siku hazikupita nyingi, polisi wakamkamata Mattan. Shahidi mkubwa juu yake, mtu aitwaye Harold Cover, alisema kuwa alimwona akitoka upande wa duka lile. Na baadaye akapata sehemu ya zawadi ile. Walikuwapo mashahidi wengine waliopangiwa watu mstari mmoja wamchague waliyemwona, na hawakumchagua Mattan. Lakini wazee wa baraza ya korti hawakuambiwa hayo. Hawakuambiwa pia kuwa Cover huyo huyo hapo mwanzo alikuwa amemtaja Msomali mwengine.

Kesi ilisikilizwa Swansea mwezi wa Julai. Wakili wake yeye mwenyewe, aliyesimama kumtetea, aliwaambia wale wazee kuwa mtu huyu ni nusu mtoto wa maumbile na nusu mshenzi aliyestaarabika kidogo. Fikirini, ndugu zangu: hayo ndiyo maneno ya mtetezi! Tarehe 3 Septemba 1952 Mattan alinyongwa katika jela ya Cardiff. Tangu kuuawa yule mwanamke mpaka kunyongwa yule mwanamume haikutimia miezi sita. Mkewe alikwenda jela kumtazama kama ada, akaikuta khabari ya kifo cha mumewe imebandikwa mlangoni.

Hapo serikali ilikuwa imemaliza kazi yake, lakini mtaa ulikuwa ndio kwanza unaianza yake. Yule mjane kijana alibaki na watoto watatu wadogo, nao wakakulia katika jina la wana wa mtu aliyenyongwa. Mwaka 1969 Cover alipatikana na hatia ya kutaka kumuua binti yake mwenyewe kwa wembe. Jamaa wa Mattan wakaomba kesi itazamwe upya, na serikali ikakataa. Ikapita miaka mingine. Mwaka 1996 wakaruhusiwa kuyatoa mabaki yake katika ardhi ya jela na kuyazika makaburini. Na tarehe 24 Februari 1998, Mahakama ya Rufaa katika London ikaifuta hukumu yote, kwa kuwa ushahidi wa Cover haukuwa wa kutegemewa. Baadaye wakalipwa fidia ya pauni 725,000. Polisi wa huko waliomba radhi mwezi wa Septemba 2022, wakati mjane na wanawe wote watatu walikuwa wamekwisha kufariki. Radhi ile waliipokea wajukuu.

Jee, twajifunza nini? Mahakama ilichukua zaidi ya miaka 45 kuifuta hukumu yake, lakini mahakama ina karatasi, na karatasi yaweza kufutwa. Hukumu ya mtaa haikuandikwa popote, basi itafutwa wapi? Nani atazunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kuwa yale waliyoyasema bombani hayakuwa kweli? Nani atamrudishia mtoto miaka yake ya skuli? Maji yakimwagika hayazoleki.

Wala tusijione kuwa hayo ni ya Wazungu peke yao. Sisi wa visiwa hivi tunayo yetu. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957, watu wa vyama mbalimbali walianza kususiana: huyu hanunui katika duka la yule, na yule haendi katika maziko ya huyu. Mwezi wa Juni 1961, ghasia za uchaguzi zilipotokea Unguja, watu 68 waliuawa kwa siku chache, na mamia wakakamatwa. Kila aliyeua alikuwa na jina lake na mikono yake. Lakini barazani hatukuhesabu kwa majina, tulihesabu kwa makabila na kwa vyama. Tulisema “wao wameua”, na katika hilo neno “wao” tukamtia mzee asiyetoka nyumbani na mtoto anyonyaye. Januari 1964 hesabu hiyo ya makundi ilirudi tena, kwa kipimo kikubwa zaidi, na hapana upande katika visiwa hivi ambao haukuyaonja machungu yake. Mtu aliyezoea kuihukumu nyumba nzima kwa ajili ya mtu mmoja, hapati shida kulihukumu kabila zima.

Sasa twageukia neno zito kuliko yote. Wako watakaouliza: na waliofiwa jee? Mkienda katika nyumba ya mtuhumiwa, si mwawakanyaga waliofiwa? Swali hili ni la haki, na mwenye kulipuuza hajapata kufiwa. Jawabu letu ni kuwa mguu wa kwanza uende kwa waliofiwa. Twende maziko, twende khitma, tukae nao baada ya siku ya tatu, watu wakishatawanyika, maana ndipo msiba unapokuwa mzito. Tuwasaidie wapate haki, na haki yao ni kupatikana yule aliyeua khasa. Jamaa wa Lily Volpert walikuwa na haki hiyo, na walinyang'anywa. Walipewa mtu mwengine wa kumchukia badala ya muuaji. Kelele ya mtaa haimsaidii aliyefiwa. Humtia khofu shahidi wa kweli na kumpa ujasiri shahidi wa uwongo.

Basi twawaomba wanachama wetu, popote walipo, Unguja na Pemba, wayashike haya machache.

Kwanza, aliyeona na aende akaseme aliyoyaona, na aliyesikia asijigeuze kuwa ameona. Kumficha muuaji kwa kuwa ni jirani au ni mwenzetu wa chama ni dhulma, kama ilivyo dhulma kumsingizia asiyetenda kwa kuwa si mwenzetu.

Pili, watoto wa nyumba ile waende skuli na madrasa pamoja na watoto wetu, na mzazi amkanye mwanawe kabla hajasikia tusi kutoka kinywani mwake.

Tatu, mama mwenye vitumbua anunuliwe vitumbua vyake. Kununua kitumbua si kutoa ushahidi kortini.

Nne, mwenye nyumba asimtoe mtu kwa kosa lisilokuwa lake, na akitaka kufanya hivyo, wazee wa mtaa wamwendee waseme naye.

Tano, mtu huyo akiachiwa na korti, apewe mkono barazani mbele ya watu, kama vile alivyosemwa mbele ya watu. Na akihukumiwa, adhabu ni yake peke yake, na wanawe wabaki kuwa wana wetu.

Haya si mambo makubwa, ndugu zetu. Hayataki fedha wala hayangoji serikali. Yataka mtu mmoja tu aanze, siku ile ya kwanza ambayo kila mtu yuaogopa kuonekana akiukaribia mlango ule. Apige hodi, aingie, aulize wamekula nini. Leo mlango huo ni wa jirani. Kesho haijulikani askari watagonga wapi, na atakayebaki ndani analia atakuwa mke wa nani.