Nati za magurudumu: ukaguzi wa robo saa kabla ya mteremko wa Rubavu

Madereva wa malori wanaoelekea Gisenyi, wilayani Rubavu, hukumbushwa breki kila mara, na ni haki wakumbushwe. Barabara kutoka Kigali, yenye urefu wa takriban kilomita 150, hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari kabla ya kushuka kwenye Ziwa Kivu, lililo katika mita zipatazo 1,460. Lakini nati zinazoshikilia magurudumu hazizungumzwi sana.

Nati ikikazwa ipasavyo, stadi huvutika kidogo na kulibana rimu lisicheze. Kutu, matope au rangi nzito vikibaki nyuma ya rimu, nati huonekana imekaza siku ya kwanza, kisha uchafu huo husagika njiani na mbano ukalegea. Ndiyo maana hushauriwa nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100 tangu gurudumu lifungwe.

Kigali hadi Musanze ni takriban kilomita 90. Kwa hiyo lori lililobadilishwa tairi Kigali alfajiri hufika Musanze likiwa limetimiza umbali wa kukaguliwa, huku mteremko wa Rubavu ukiwa bado mbele. Ukaguzi wa lazima wa magari hauwezi kuziba nafasi hiyo. Cheti hueleza hali ya gari siku lilipopimwa; hakijui tairi iliyobadilishwa jana usiku kando ya barabara.

Kukaza kupita kiasi nako ni hatari. Utingo anayechomeka bomba refu kwenye spana na kulirukia huweza kuivuta stadi hadi isirudi katika hali yake, na stadi ya namna hiyo hukatika kwa urahisi. Malori mengi makubwa yenye stadi za milimita 22 huhitaji nguvu ya nyutoni mita zipatazo 600, ingawa kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Lori huegeshwa mahali tambarare na kuwekewa kabari. Nati hukazwa kwa kukabiliana, moja na ya upande wa pili, na hatua ya mwisho huhitaji spana yenye kipimo.

Dalili za hatari huonekana kwa macho: michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati, chuma kinachong'aa kuzunguka tundu, au tundu lililopanuka. Hapo kukaza tu hakutoshi. Gurudumu sharti lifunguliwe na stadi zichunguzwe.

Ajali ikitokea, dereva ndiye hulaumiwa kwanza. Hata hivyo, muda wa safari hupangwa na tajiri, na gurudumu hufungwa na fundi. Kampeni ya Gerayo Amahoro, iliyozinduliwa na Polisi ya Rwanda mwaka 2019, huwataka wote wafike salama. Kwa malori, wito huo ungeanza na mambo mawili: fundi aandike saa na kilomita gurudumu lilipofungwa, na tajiri aihesabu robo saa ya kusimama Musanze kuwa sehemu ya kazi.

Gurudumu la lori pamoja na tairi lake huweza kukaribia kilo 100. Likichomoka mteremkoni, mbele yake kuna mji na watu wanaotembea kwa miguu kuelekea mpaka wa Goma.